Wiki 40 na siku 2, ultrasaundi mbili zinapingana. Nianzishiwe uchungu au nisubiri?

SubiraTele

Habari zenu wapendwa, naombeni mawazo yenu hasa kina mama mliopitia hili, na kama kuna mkunga au dokta humu asinipite. Hii ndo mimba yangu ya kwanza, sina presha, sukari iko sawa, damu iko sawa, mtoto kashageuka kichwa chini, yaani kliniki kila nikienda naambiwa uko vizuri mama. Shida imeanza kwenye tarehe.

Hedhi yangu ya mwisho siikumbuki vizuri maana nilikuwa nimetoka kuacha sindano za uzazi wa mpango na siku zangu zilikuwa hazieleweki, naweza kukaa miezi miwili hakuna kitu. Nilipojihisi mjamzito nikapiga ultrasaundi mapema wakaniambia nina wiki 9, ikaandikwa tarehe ya kujifungua kwenye kadi. Kwa hesabu hiyo leo nina wiki 40 na siku 2. Afu nikapigwa nyingine tumbo likiwa kubwa, ilitakiwa isome wiki 35, yenyewe ikasoma wiki 33 na siku 3 na tarehe mpya wameweka pale chini. Kwa hiyo ya pili leo nina wiki 38 na siku 5 tu!!

Jana dokta kaniambia uchungu usipoanza wenyewe nikifika wiki 41 nije na begi langu wanianzishie. Nikamwonesha ripoti ya pili, akaitupia jicho akasema tunafuata ya kwanza, basi, na foleni nje ilikuwa ndefu nikaona aibu kuendelea kuuliza. Nimerudi nyumbani kila mtu ana lake. Dada yangu anasema usikubali kabisa, uchungu wa dripu hauna huruma na mwisho wake ni kisu, mtoto akiiva atatoka mwenyewe. Rafiki yangu wa kazini ananiambia nisijitese, nichague tarehe wanipasue nimalize. Mume wangu anasema tuwasikilize wataalamu, kisha anarudi kwenye mpira wake.

Ninachoogopa ni kumtoa kabla hajakomaa kama ile ya pili ndo ya kweli. Na naogopa pia kukaa mpaka mtoto achokee tumboni. Nifuate ipi jamani?

MamaWawili

Hongera mdogo wangu kwa kufika hapo, sio kidogo. Mimi wa kwanza nilianzishiwa wa pili akaja mwenyewe, kwa hiyo naweza kuongelea pande zote. Dada yako hajadanganya sana kuhusu dripu, uchungu wa kawaida unakuja taratibu unakuzoesha, wa dripu ukikolea unakolea kweli na unakuwa umefungwa mikanda ya ile mashine ya mapigo ya mtoto huwezi kuzunguka unavyotaka. Uliza mapema kabla hujalazwa wana dawa gani ya kupunguza maumivu, usisubiri umeshaanza kupiga kelele ndo uulize.

Ila hilo la kisu halikunikuta. Mimi walianza na puto. Wanakupitishia kimpira chembamba kwenye mlango wa kizazi, ncha yake wanaijaza maji inatuna, afu ule mkia wanakubandika kwa plasta pajani unaendelea na mambo yako. Kukiingiza kunakera, nisikudanganye, baadaye unasahau. Nililala nacho, asubuhi nimeenda chooni nasikia kitu kimedondoka nikapiga yowe nikajua mtoto katoka, nesi kaja mbio kaangalia kacheka, akasema puto likitoka lenyewe ndo habari njema maana njia imeshafunguka sentimita 3 au 4. Wakanipasua chupa, dripu, na jioni nilikuwa nanyonyesha. Kwa hiyo usiingie na hofu ya kusimuliwa.

Tarehe siziwezi, subiri wataalamu.

AsiliKwanza

Msikilize dada yako. Mimba sio deni la benki kwamba tarehe ikifika lazima ulipe. Bibi zetu walizaa bila ultrasaundi na bila dripu na sisi tupo hapa tunabishana. Siku hizi hospitali wana haraka, wanataka kitanda, ukiingia na wiki 41 hujaumwa wanakuwekea madawa, mwili haujawa tayari, njia haifunguki, mtoto anachoka, unaambiwa "mama inabidi upasuliwe". Ni mnyororo. Ungebaki nyumbani usingepasuliwa. Mtoto anajua siku yake.

MkungaZamuni

SubiraTele pole na hongera. Nipo wodi ya wazazi miaka mingi sasa, nitajibu lakini mkiniona naruka ruka mjue naandika wakati wa mapumziko.

Tuanze na tarehe. Dokta wako yuko sahihi kufuata ya kwanza, kosa lake ni kutokueleza kwanini. Mtoto wa wiki 8, 9, 10 anapimwa urefu kuanzia kichwani mpaka makalioni, na kwa umri huo watoto wote karibu wanalingana, mtoto wa mrefu na wa mfupi wako sawa tu. Kwa hiyo kipimo hicho kikikosea kinakosea siku 5 mpaka 7 hivi. Wakishakuwa wakubwa kila mmoja anafuata mwili wake, huyu kibonge huyu mwembamba, na mashine hailijui hilo. Yenyewe inapima kichwa, tumbo na mfupa wa paja, inalinganisha na wastani, inakuandikia wiki. Ya mwisho wa mimba inaweza kukosea mpaka wiki 3 kwenda mbele au kurudi nyuma. Zako zimepishana siku 11, wala sio jambo la ajabu. Ndo maana tarehe ikishawekwa na ultrasaundi ya mapema haifutwi na ya baadaye, na ile tarehe ya pale chini mashine inaitoa yenyewe, hakuna mtu aliyekaa akaifikiria.

Lakini kuna kitu sitaki ukipite haraka. Kipimo cha mwisho kikisoma mimba ndogo kuliko hesabu, mama anajiuliza "kumbe mimba yangu bado changa?", wakati sisi tunajiuliza "huyu mtoto anakua vizuri?" Ni maswali mawili tofauti kabisa. Kuna watoto wanadumaa tumboni kwa sababu plasenta haiwalishi vya kutosha, na hawa ukibadilisha tarehe ili ifanane na kipimo, ghafla kwenye karatasi wanaonekana wa kawaida na hakuna wa kuwafuatilia tena. Kwa hiyo rudi kwenye ripoti yako uangalie vitatu: uzito wa makadirio, mzunguko wa tumbo (mtoto akikosa lishe tumbo ndo linaanza kubaki nyuma wakati kichwa kinaendelea), na maji ya uzazi. Aliyedumaa kweli hasubirishwi mpaka 41, wengi wanatolewa kati ya wiki 37 na 39, inategemea kadumaa kiasi gani na damu inapitaje kwenye kamba ya kitovu. Sisemi wako ni hivyo, kliniki wangeshaona tumbo lako halipandi, nasema uulize.

Sasa fanya hesabu hii na mumeo mpira ukiisha. Ukianzishiwa siku utakayofika 41 kwa hesabu ya kwanza, halafu tuseme ile ya pili ndo ilikuwa kweli, mtoto wako atakuwa na wiki 39 na siku 3. Huyo kakomaa, mapafu yako tayari, hajaonewa. Geuza sasa. Ukifuata ya pili ukangoja ifike 41, na ya kwanza ndo kweli, siku hiyo utakuwa na wiki 42 na siku 4. Huko ndo kusikotakiwa. Kwa hiyo kosa la upande mmoja halina hasara kubwa, kosa la upande wa pili linayo. Mimi ningekuwa wewe ningelala usingizi.

Kwanini 41 na sio 40? Kwa sababu 40 ni makadirio ya katikati, wanaojifungua siku ileile iliyoandikwa hawafiki hata mmoja kati ya kumi, na wa mimba ya kwanza kupitisha siku kadhaa ni kawaida tu. Siku hizi wiki 37 mpaka 38 na siku 6 tunaihesabu ni mapema kidogo, 39 mpaka 40 na siku 6 ndo komavu kamili, 41 imechelewa, 42 imepitiliza. Baada ya 41 plasenta inaanza kuchoka, maji yanapungua, mtoto anaweza kujisaidia tumboni akayavuta yale maji machafu, na hatari ya mtoto kufia tumboni inapanda. Bado ni ndogo, wengi wanatoka salama, lakini inapanda, na haipigi hodi. Shirika la Afya Duniani linashauri mimba isiyo na tatizo isianzishiwe kabla ya 41, na ikifika 41 kwa uhakika mama aanzishiwe. Dokta wako hajatunga.

Na huyo rafiki wa kazini mwambie asante lakini hapana, nikipata nafasi narudi kwa hilo.

AsiliKwanza

Mkunga nakuheshimu ila hujajibu la kisu. Kila anayeanzishiwa ninayemjua kapasuliwa.

MkungaZamuni

Mkuu AsiliKwanza swali lako ni la haki, hata sisi zamani tulifundishwa hivyo hivyo kwamba kuanzisha kunaongeza operesheni. Tatizo lilikuwa ulinganisho. Walikuwa wanamlinganisha aliyeanzishiwa leo na aliyepata uchungu mwenyewe leo. Lakini mama akikataa kuanzishiwa leo haendi nyumbani na uchungu, anaenda nyumbani KUSUBIRI, na katika kusubiri kuna wanaopata uchungu mzuri, kuna wanaopandisha presha, kuna ambao mtoto anakuwa mkubwa zaidi, kuna wanaorudi wiki 42 na maji yamekauka. Hao wote lazima uwahesabu upande wa waliosubiri.

Walipofanya hivyo Marekani, matokeo yakatoka 2018, kina mama zaidi ya 6,000 wa mimba ya kwanza wasio na tatizo, wakagawanywa kwa bahati nasibu, waanzishiwe wiki 39 au wasubiri. Waliopasuliwa upande wa kuanzishiwa ni asilimia 18.6, waliosubiri ni 22.2. Presha ya mimba pia ilikuwa pungufu kwa walioanzishiwa, 9.1 kwa 14.1. Sijasema watu wote wakimbilie wiki 39, zile ni hospitali zenye mashine na wahudumu wa kutosha na walikuwa na subira, hawakumpeleka mtu chumba cha upasuaji kwa sababu dripu imekaa saa sita bila majibu. Wodi iliyojaa ni habari nyingine, na hapo nakubaliana nawe kwamba haraka ya wahudumu inapasua watu.

Na kuhusu kusubiri mpaka 42, Sweden walijaribu kulinganisha kuanzisha 41 na kusubiri mpaka 42, ikabidi wausimamishe utafiti kabla ya muda, majibu yakachapishwa 2019. Upande wa waliosubiri walifariki watoto 6, upande wa walioanzishiwa hakuna hata mmoja. Na ile ni nchi ambayo huduma ya uzazi ni ya juu.

Bibi zetu walizaa ndiyo, ila waulize na walizika wangapi. Hawapendi kusimulia.

AsiliKwanza

Hilo la bibi limeniingia. Nabaki na msimamo wangu kuhusu haraka za wodini lakini.

MkungaZamuni

Baki nao, unatusaidia.

Nirudi kwa rafiki wa kazini. Kuchagua tarehe ya kupasuliwa bila sababu, kwanza kidonda ni kidonda, na mimba zinazofuata zinakuja na kovu: plasenta inaweza kukaa juu ya kovu ikang'ang'ania, damu nyingi, na kila operesheni inaongeza uwezekano huo. Pili, watu wakichagua tarehe wanapenda kuwahi. Kuna utafiti wa Marekani wa 2009 uliangalia waliorudia operesheni kwa kupanga, watoto waliopata matatizo wakitolewa wiki 37 ni asilimia 15.3, wiki 38 asilimia 11, wiki 39 asilimia 8. Wote hao ukiwaangalia kwa macho ni watoto wakubwa wenye mashavu, lakini wa 37 unamkuta anapumua harakaharaka pua zinatanuka, analala chumba cha watoto wachanga na mama yake yuko ghorofa nyingine. Kama operesheni haina budi na haina dharura, inasubiri 39.

NyotaYaJaha

Naomba niongeze upande mwingine maana humu mnaongelea mimba isiyo na tatizo. Mimi wiki 37 kamili nilitolewa, na nilibishana na dokta kama SubiraTele anavyobishana moyoni. Najisikia mzima, miguu imevimba kidogo nikajua ni uzito. Presha ikapimwa iko juu, wakarudia baada ya kupumzika bado juu, mkojo una protini. Nikaambiwa dawa za presha zitashusha namba tu, ugonjwa wenyewe tiba yake ni mtoto na plasenta kutoka. Nikaomba wiki moja, dokta akaniambia mama hapo mtoto hafaidiki chochote cha maana na wewe unaweza kupata kifafa cha mimba ukiwa nyumbani.

Nilipolazwa usiku kichwa kikaanza kupasuka, naona vitu vinamemeta, maumivu chini ya mbavu kulia, wakanipiga magnesiamu, mwili mzima ulipata moto kuanzia kifuani mpaka masikioni, nesi akasema hiyo ndo inakukinga na kifafa vumilia. Nilijifungua kawaida baada ya kuanzishiwa, mtoto mdogo lakini mzima.

Kwa hiyo SubiraTele hata kama unasubiri 41, kichwa kikiuma kisichosikia dawa au macho yakaanza maruweruwe usiseme nasubiri tarehe yangu.

MkungaZamuni

Asante sana NyotaYaJaha. Wiki 37 kwa presha ya aina hiyo ndo kanuni, na ikiwa kali sana haivuki 34. Yaani tarehe inafuata tatizo. Wa sukari ya mimba anayetumia dawa ni wiki 39, anayejimudu kwa chakula tu anaweza kwenda mpaka 40 na siku kadhaa. Chupa ikipasuka mimba imekomaa na uchungu hauji, tunaanzisha ndani ya saa 24 kwa kuogopa maambukizi. Plasenta iliyoziba njia, operesheni 36 au 37.

PachaWangu

Na sisi wa mapacha mbona mnaturuka 😅 nina wiki 34 naambiwa sivuki 37, nadhani wanataka kuniharakisha.

MkungaZamuni

PachaWangu uliza kama kila mmoja ana plasenta yake. Kama kila mtu na yake ni 37 mpaka 38, kama wanachangia moja ni 36 hivi maana mmoja anaweza kumnyima mwenzake damu. Mapacha hawana habari za 40, usijilinganishe na huyu.

KovuMoja

Dada mkunga samahani naingilia. Mimi nilipasuliwa mimba ya kwanza, hii ya pili niko 40 nataka kuzaa kawaida, jirani kaniletea vidonge anasema ni vya kuanzisha uchungu niviweke chini. Ndo hivyo hivyo mnavyotumia hospitali?

MkungaZamuni

USIVIGUSE. Naomba unisome vizuri na wote mlio na kovu. Hivyo bila shaka ni misoprosto. Mwenye kovu la operesheni hapewi kabisa mimba ikiwa kubwa, kovu linaweza kuachia na mkapotea wewe na mtoto kabla hujafika hospitali. Hata asiye na kovu, dozi tunayompa wodini ni maikrogramu 25 za kumeza kila saa 2 huku tunasikiliza moyo wa mtoto, wakati kidonge kinachozunguka mtaani mara nyingi ni cha 200, kilitengenezwa kwa vidonda vya tumbo, yaani kimoja ni dozi nane. Mtu anakata kwa kisu cha jikoni anasema nimeweka robo. Mji wa mimba unajikaza bila kuachia, mtoto hapati hewa. Vya jirani mrudishie au vitupe, na kesho uende ukaongee nao kuhusu kuzaa kawaida na kovu, inawezekana kabisa kwa wengi, ila kwa mpango na mahali ambapo chumba cha upasuaji kiko tayari.

BabaMtarajiwa

Mkunga na zile njia za nyumbani je, kutembea, mafuta ya nyonyo, na ile kazi ya baba 😂 mke wangu 39 na nimeshaanza kujitolea.

MkungaZamuni

😂 Kazi ya baba haina madhara kama chupa haijapasuka na plasenta haiko chini, ila usijipe sifa uchungu ukianza, ushahidi wake ni dhaifu. Kutembea kunamsaidia mama asikakamae, basi. Mafuta ya nyonyo mwacheni, kinachokuja kwanza ni kuharisha, mama anaingia leba kaishiwa maji mwilini hana nguvu ya kusukuma.

Kitu chenye ushahidi kidogo ni kile nesi anachoweza kukufanyia kliniki ukipimwa njia, anaingiza kidole kwenye mlango wa kizazi anazungusha kutenganisha chupa na ukuta. Kinauma dakika moja, unaweza kutoka ute wenye damu kidogo siku hiyo, na kinawapunguza wanaofika mpaka kuanzishiwa kwa dawa. Aombwe ruhusa lakini, wapo wanaofanya kimyakimya mama anashtukia maumivu, hiyo sio sawa.

SubiraTele

Wapendwa nimerudi, sijui niwashukuruje. Leo nilienda kliniki nimeandika maswali kwenye karatasi nikasema dokta foleni itanisamehe. Nikamuuliza la kwanza kabisa kama mtoto anakua au kadumaa. Akaitoa tena ripoti akanionesha, mzunguko wa tumbo uko ndani ya mstari wa kawaida ila upande wa chini, akasema kwa sababu umeuliza tuangalie tena. Wamepima, maji yapo ya kutosha, damu kwenye kitovu inapita vizuri, uzito wa makadirio kilo 3.1, akasema ni mwili wake tu sio mtoto wa njaa. Mashine ya mapigo pia wakaniweka, moyo ulikuwa unapanda kila akicheza, nesi akasema hiyo ndo wanayotaka kuiona.

Akanipima njia akasema mlango umelainika lakini umefunguka kidole kimoja tu na bado ni mrefu, akatoa alama 4. Nikamuuliza kuzungusha, akafanya, MamaWawili ulisema nisikudanganye na mimi sikudanganyi, dakika ile nilishika ukingo wa kitanda. Tumekubaliana usipoanza nikifika 41 naingia, wanaanza na puto kama lako, na nimemwomba tusikimbilie kisu kama mimi na mtoto tuko sawa, akasema kwa mimba ya kwanza inaweza kuchukua hata siku mbili nisishangae.

Dada yangu bado kanuna. Mume kaacha mpira kasoma huu uzi wote, anawasalimu.

Swali la mwisho mkunga. Alama 4 ni mbaya? Na hizi siku za kungoja niangalie nini, maana watu wananiambia mtoto akikaribia kutoka anatulia, na kweli naona mateke sio yale ya zamani.

MkungaZamuni

Umeniogopesha na kunifurahisha kwa pamoja, nianze na la mateke.

Sio kweli kwamba anatulia. Nafasi ikipungua namna ya kucheza inabadilika, badala ya teke unasikia anajinyoosha, anajisukuma, anabingirika, lakini idadi haitakiwi kupungua mpaka siku ya uchungu na hata ndani ya uchungu anacheza. Ukihisi kapungua lala ubavu wa kushoto, simu weka mbali, uhesabu. Ndani ya saa 2 usikie mara 10. Hazijafika, au zimefika lakini moyo wako unasema huyu sio yeye, unaenda saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na hata kama ulipimwa leo mchana ukaambiwa uko sawa. Na usinunue vile vifaa vya kusikiliza moyo nyumbani, mama anasikia mapigo yake mwenyewe anajua ni ya mtoto anabaki kitandani.

Kwa hiyo leo, kabla ya kulala, fanya hiyo hesabu kwanza halafu uje unijibu hapa.

Alama 4 sio mbaya, ni kwamba njia haijaiva. Zinahesabiwa vitu vitano, umefunguka kiasi gani, umefupika kiasi gani, ulaini wake, umeelekea wapi, na kichwa cha mtoto kimeshuka mpaka wapi, jumla yake 13. Kuanzia 8 dripu peke yake inaweza kutosha. Chini ya 6 ndo tunaivisha kwanza kwa puto au vidonge, na hapo ndo wahudumu wenye haraka wanapokosea kumwaga dripu kwenye mlango uliofungwa. Wako kasema puto, yuko vizuri.

Chupa ikipasuka nyumbani angalia rangi kwenye pedi, yakiwa meupe au ya pinki kidogo unaoga unajiandaa unaenda, yakiwa ya kijani au kahawia huogi, unaenda. Damu fresh inayotiririka, huogi pia.

SubiraTele

Nimehesabu. 10 zimefika hata saa moja haijaisha, nyingi ni kujinyoosha kama ulivyosema, upande wa kulia kuna kisigino hakitulii. Nimemwambia mume aweke begi mlangoni.

MamaWawili

Ongeza kanga mbili na chaja ya simu yenye waya mrefu, soketi za wodini ziko mbali na kitanda.